Picha Ndogo ya Shamba la Bernadeta

"Mfumo haukosei, afande. Wanaokosea ni watu."

Joyce alilisema hilo kwa mara ya pili, taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Inspekta Mwaisha alimtazama, akalitazama na lile feni lililokuwa likizunguka juu ya vichwa vyao bila kuleta upepo wowote, akajizuia. Kuna watu wana sauti ya kukuudhi hata wanapokukaribisha kiti, na mratibu huyu wa Mpaka Bayana, mradi wa kuhifadhi kwenye mtandao picha za mipaka, makaburi na vitambulisho vya wenye mashamba, alikuwa mmoja wao.

"Basi niambie huyo mtu aliyekosea ni nani," Mwaisha alisema. "Maana kesho baraza la kata linafunga shauri hili, na mama yule aliyekaa nje atanyang'anywa shamba la bibi yake kwa sababu ya picha iliyo kwenye mfumo wako."

Mama mwenyewe alionekana kupitia mlango uliokuwa wazi. Bernadeta, mkulima wa karoti na njegere wa kijiji cha Mzingilo, huko juu Mgeta, alikuwa ameshuka Morogoro mjini kwenye gari la kabichi tangu alfajiri. Alikaa kwenye benchi la korido, rozari mkononi, kandambili zimeganda udongo mwekundu. Wafanyakazi walipita mbele yake na vikombe vyao vya chai na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, mama, umefuata nini hapa?

Joyce aligeuza kompyuta ili Mwaisha aone. Picha ilijaa kioo kizima. Ulikuwa mteremko wa mlima, na chemchemi ikichuruzika kati ya mawe, na juu ya chemchemi ulisimama msale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Kando ya msale alisimama mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu na koti refu la kijani. Aliipa kamera mgongo, mkono ameuweka juu ya msale.

"Huyo ni kaka yake mwenyewe, Fransisko," Joyce alisema. "Mjomba wa watoto. Kwa mila zao anayeonyesha mpaka ni mjomba, au siyo? Haya, ameonyesha. Shamba lao linaanzia mpakani kwenda juu, na mpaka uko juu ya chemchemi, kwa hiyo chemchemi haimo shambani mwao. Picha imepandishwa mwezi wa tatu kutoka steshenari ya Dumila, huko anakofanyia biashara huyo kaka. Yote yameandikwa hapo chini. Sasa mfumo umekosea wapi?"

Mwaisha alikuwa Mluguru kwa mama na hakuhitaji kusomeshwa mila. Ardhi ya Waluguru hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mlinzi wake kwa niaba ya watoto wa dada yake. Ndiyo maana picha ile ilikuwa imemuua Bernadeta akiwa hai. Ilipoonyeshwa barazani wiki iliyopita, watu walipiga kelele za aibu, maana kila mtu alijua ni nani anayeitaka ile chemchemi: kampuni ya maji ya chupa ambayo mabomba yake yalikwisha lundikwa ng'ambo ya shamba. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Bernadeta alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba Fransisko si mjomba wa wanawe tena. Kwa Waluguru, hilo si neno la kutamkwa ovyo.

"Wewe umewahi kufika Mzingilo?" Mwaisha aliuliza.

"Mimi? Hapana. Gari letu halipandi kule. Sijawahi kukanyaga."

Mwaisha alisogea karibu na kompyuta. Juu ya picha kulikuwa na anwani ndefu iliyoishia kwa namba. Aliyekaa pembeni, na visikilizio vyake shingoni, alikuwa Hafidhi, kijana aliyeujenga mfumo ule kwa mikono yake.

"Hafidhi, namba hii ya mwisho ni ya nini?"

"Ni namba ya faili, afande. Kila picha ina yake."

Mwaisha aliifuta tarakimu ya mwisho akaweka nyingine. Likatokea kaburi la mtu, msalaba na shada la maua lililokauka. Akabadilisha tena. Kikatokea kitambulisho cha taifa cha bibi mmoja, namba zote zinasomeka. Akabadilisha tena. Wakatokea watoto wamevaa sare za shule, wamepangwa mbele ya nyumba yao, na mlango wa nyumba unaonekana.

"Hebu niambie," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Nimeandika pasiwedi gani hapa?"

"Hujaandika, afande. Faili zenyewe tumeziacha wazi ili zifunguke haraka. Mtandao wa vijijini ni wa shida."

"Wazi kwa nani?"

"Kwa yeyote mwenye linki."

"Na linki yenyewe ni kubahatisha namba! Jamani, watu wamewapa nyie makaburi ya bibi zao, wamewapa sura za watoto wao, nyie mmewaanika juani kama dagaa!"

"Ni kawaida kwenye mifumo mingi," Hafidhi alisema kwa sauti ndogo.

"Kawaida yenu hiyo iwashike wenyewe." Mwaisha aliirudisha ile picha ya msale kwenye kompyuta, akaipiga kwa simu yake, akachukua funguo za gari. Koridoni alimwinamia Bernadeta, akamwambia asiondoke, kisha akamtuma askari wake amnunulie mama huyo chai na chapati.

* * *

Gari la polisi lilipita Dakawa na mashamba yake ya mpunga, likaingia Dumila jua likiwa kali. Mahali pa Fransisko hapakuhitaji kuelekezwa sana. Wauza vitunguu wa kwanza kuulizwa walinyoosha vidole, halafu wakanong'onezana. Habari za mjomba aliyeuza wapwa wake zilikuwa zimekwisha teremka mlimani zikamfuata hadi barabara kuu ya Dodoma.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya na kabichi. Kando ya kibanda chake ilisimama pikipiki mpya, hata nailoni ya kiti haijatolewa. Mwaisha aliiona kabla hajamwamkia.

"Nimekwisha hukumiwa mbele ya kanisa," Fransisko alisema alipoonyeshwa kitambulisho. "Na wewe umekuja kunihukumu mara ya pili?"

"Nimekuja kuuliza, baba. Pikipiki hii ni yako?"

"Alaa! Kumbe ndiko tulikofika!" Alicheka kicheko kikavu, akapaza sauti. "Mkwe! Hebu toka, kuna polisi anaitaka pikipiki yako!"

Nyuma ya kibanda alitokea mwanamume mnene, andazi mdomoni, amevaa fulana ya kazi ya reli. Alisema anafanya kazi Kisaki na amekuja kuwasalimia wakwe, pikipiki ni yake, na kadi ya usajili iko hapa. Mwaisha aliisoma kadi akamrudishia. Haya, hiyo ilikuwa imekwisha, na alijisikia mjinga kidogo.

"Mwezi wa tatu ulipanda Mzingilo?"

"Nilipanda. Mvua za masika zinanyesha, njia yote inateleza. Nikaonyesha mpaka ulipo tangu enzi za bibi yetu, chini ya chemchemi, kwenye msale. Wapwa wangu wawili nimewashika mikono, mmoja huku, mmoja huku. Ndivyo tunavyofanya. Mjomba haonyeshi mpaka peke yake kama mwizi wa kuku! Jirani akatupiga picha kwa simu yangu."

"Simu iko wapi?"

"Imekufa. Ilitumbukia kwenye pipa la maji."

"Simu imekufa na picha imekufa nayo."

"Unaona? Nilijua utasema hivyo."

Mwaisha alimwonyesha picha aliyoipiga ofisini. Mzee aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Koti ni lako?"

"Ni kama langu. Mtumba ule ulishushwa mnadani, nusu ya wanaume wa Mgeta wanalo."

"Kofia?"

"Hivyohivyo."

"Na mtu je?"

"Mtu gani? Huo ni mgongo! Mgongo una jina?" Alimrudishia simu. "Dada yangu alinionyesha mgongo huu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia si mimi. Akaniambia nisiongeze uongo juu ya wizi."

Mwaisha hakuwa amemwamini kwa asilimia zote, lakini alianza kusikia harufu ya kitu. Alimwambia avuke naye barabara.

Steshenari ilikuwa upande wa pili, chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi na picha za pasipoti ukutani. Mwenyewe aliitwa Maimuna, mwanamke mcheshi mwenye ushungi wa maua, na alimkumbuka Fransisko vizuri.

"Watu wa milimani wote ndivyo wanavyofanya, afande," alieleza. "Hawana bando la kupandisha mapicha makubwa kwenye mifumo. Wananirushia kwa WhatsApp, mimi ndiyo napandisha. Baba Fransisko alinirushia, nikapandisha hapohapo amesimama."

"Ile aliyokurushia bado unayo?"

"Thubutu! Simu yangu nafuta kila Ijumaa. Ikijaa inagoma, na mimi nikigomewa na simu nimefunga duka."

"Nifungulie basi kwenye huo mfumo."

Maimuna alifungua akaunti yake. Mtandao wa pale ulikuwa unasumbua, na kilichotokea kwanza ni orodha ya vitu alivyowahi kupandisha, kila mstari na kijipicha chake pembeni, ukubwa wa stempu ya barua. Aliteremsha orodha kwa kidole gumba.

"Hiyo!" Fransisko alipiga kelele hadi mteja mmoja akaangusha bahasha. "Rudi juu! Hiyo hapo, ndiyo hiyo!"

Mwaisha aliinama. Kijipicha kilikuwa kidogo lakini hakikuwa na mashaka yoyote. Mteremko ulikuwa wa kijani kibichi kabisa. Mzee mrefu alisimama katikati uso kwa kamera, msichana mkono wa kulia, msichana mkono wa kushoto, msale ubavuni mwao. Maji ya chemchemi yalionekana yakimeta nyuma yao, juu zaidi.

"Ibonyeze iwe kubwa," alisema.

Maimuna aliibonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, Fransisko akahema kwa nguvu, na hatimaye picha kubwa ikafunguka. Ilikuwa ya mwanamume aliye peke yake, mgongo kwa kamera, msale juu ya chemchemi. Na nyasi, Mwaisha aliziona sasa kwa mara ya kwanza, zilikuwa kavu, rangi ya makuti.

"Astaghfirullah," Maimuna alisema. "Mimi hii sikuipandisha. Wallahi sikuipandisha!"

"Najua," Mwaisha alimjibu. "Rudi kwenye orodha, usiguse kitu kingine." Alikipiga picha kijipicha kile, akaipiga na ile kubwa, jina la faili likionekana lilelile kwenye zote mbili. Mtu alikuwa ameingia humo, akatoa ukweli, akaweka uongo mahali pake, na akaliacha jina la mzee huyu liendelee kubeba lawama.

Fransisko alikaa kwenye kiti cha wateja akavua kofia yake.

* * *

Hafidhi alikuwa peke yake Mwaisha aliporudi Morogoro. Joyce alikuwa ametoka kula. Bernadeta alikuwa palepale koridoni, na sahani tupu ya chapati imewekwa vizuri miguuni pake. Mwaisha alimwita aingie, akamketisha kando ya dirisha.

"Sikiliza na wewe, mama. Ni mambo yako haya." Kisha akamgeukia Hafidhi. "Zile picha ndogo za kwenye orodha zinatoka wapi?"

"Mfumo unazitengeneza wenyewe. Picha ikipandishwa tu, unatoa nakala ndogo, ili orodha isiwe nzito."

"Mtu akibadilisha ile kubwa?"

"Akibadilisha kupitia mfumo, ndogo nayo inatengenezwa upya. Na mfumo unaandika nani kabadilisha."

"Na asipopitia kwenye mfumo? Akienda moja kwa moja huko zinakohifadhiwa, akaweka faili nyingine yenye jina lilelile juu ya ile?"

Hafidhi alivua visikilizio shingoni akaviweka mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ghalani," alisema. "Akienda ghalani moja kwa moja, mfumo haujui. Ndogo inabaki ya zamani."

"Na jina la aliyepandisha? Na mwezi?"

"Vinabaki vilevile. Hivyo vinakaa sehemu nyingine kabisa. Ni kama gunia, afande. Lebo ya nje haijaguswa, mchele wa ndani umebadilishwa."

"Ile ya kwanza mnayo?"

"Kile kipengele cha kuhifadhi matoleo ya zamani nilikizima. Ghala lilikuwa linajaa haraka."

"Lo! Kutazama ni kwa kila mtu, na ufunguo wa kuweka faili humo ghalani anao nani?"

Hafidhi alitazama sakafu.

"Hafidhi. Nimekuuliza."

"Uko kwenye grupu."

"Grupu gani?"

"La WhatsApp, la ofisi. Walikuwa wananisumbua kila saa, Hafidhi niwekee hiki, Hafidhi nitolee kile. Nikaona niuweke pale juu kabisa, kila mtu ajihudumie."

"Na kwenye grupu kuna nani?"

"Wote. Hata mama wa chai."

Mwaisha alisimama akaenda hadi dirishani akarudi. Alitaka kupiga meza lakini meza haikuwa na kosa. "Mama huyu," alisema, akimwonyesha Bernadeta, "amefunga nyumba yake kule mlimani kwa kufuli, kuku wake anawafungia, hata jembe analiingiza ndani. Nyie mmechukua shamba lake lote, mmeliweka kwenye ghala, na ufunguo mmeutundika kwenye grupu la kutumiana vichekesho na picha za harusi!"

Hafidhi aliivuta kibodi karibu.

"Ile picha kubwa, iangalie ndani. Nimeambiwa picha huwa inabeba habari zake."

Kijana aliifungua kwa njia nyingine, mistari ikatokea. Alisoma, akasoma tena.

"Ina mahali ilipopigwa, tarehe, na aina ya kamera," alisema. "Lakini haiwezekani, afande. Picha ikirushwa kwa WhatsApp, habari hizo zinafutwa. Za steshenari zote huja tumbo tupu. Hii imejaa."

"Kwa hiyo hii haikupita kwa Maimuna."

"Hapana. Imetoka moja kwa moja kwenye kamera iliyoipiga."

"Imepigwa lini?"

"Mwezi wa nane." Aliinua macho. "Lakini imepandishwa mwezi wa tatu. Afande, picha hii imepandishwa kabla ya kupigwa."

"Nyasi zilikwisha niambia. Masika gani hayo yenye nyasi za kiangazi? Kamera ni ya aina gani?"

Hafidhi aliteremka hadi mstari wa mwisho. Bernadeta, ambaye alikuwa ameshika rozari yake kimya muda wote, alisogea mbele kwenye kiti.

"Ni kishikwambi," Hafidhi alisema. "Ni aina ya kishikwambi cha mradi. Kipo kimoja tu."

"Anacho nani?"

Hakuhitaji kujibu. Joyce alikuwa anaingia, anajifuta midomo kwa kitambaa, na kishikwambi chenyewe kiko kwapani.

"Karibu," Mwaisha alisema. "Tulikuwa tunakutaja. Naomba nikione hicho."

Joyce aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Bernadeta aliruka haraka. "Kifaa hiki kinaazimwa na kila mtu hapa. Kuna nini?"

"Kuna picha ya Mzingilo. Imepigwa na hicho mwezi wa nane."

"Basi kaulize aliyekiazima. Mimi nimekwisha kwambia kule sijakanyaga. Na kama unataka kukipekua, kibali kiko wapi?"

"Kibali kiko njiani."

"Kikifika nitakupa." Alikikumbatia kifuani, akakaa. Alikuwa ameanza hata kutabasamu, na Mwaisha alijua ni kwa nini. Kabla kibali hakijafika, kishikwambi kile kingekuwa kimefutwa kikabaki kama kilivyotoka dukani.

Mwaisha alimgeukia Hafidhi. "Picha zinazopigwa na kishikwambi hicho zinakaa wapi?"

"Zinakaa humohumo," Hafidhi alianza, kisha akasita, macho yakamtoka. "Na zinapanda ghalani zenyewe. Niliweka hivyo tangu mwanzo, ili kikiibiwa tusipoteze kazi. Video pia."

Tabasamu la Joyce liliondoka.

"Zikifutwa kwenye kishikwambi?"

"Ghalani zinabaki."

"Na ghala liko wazi."

"Liko wazi, afande. Kwa yeyote mwenye linki."

"Basi fungua. Hilo halihitaji kibali, si ni kawaida kwenye mifumo mingi?"

Hafidhi aliandika anwani. Zikaanza kutokea moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa ya mwanamume mwenye koti la kijani. Kwenye moja msale ulikuwa umelala chini, ndiyo kwanza unachimbiwa shimo. Kwenye nyingine ulikuwa umesimama umepinda. Kwenye nyingine jamaa alikuwa amegeuka, uso waziwazi mbele ya kamera, kijana kabisa, anacheka. Bernadeta aliinuka akaenda hadi kwenye kioo.

"Huyo si Fransisko," alisema. "Huyo ni mtu wa mabomba. Ni dereva wa kampuni."

Kisha ikatokea video fupi, ya mtu aliyebonyeza kitufe kimakosa. Picha iliyumba, nyasi kavu, anga, na sauti ya mwanamke ikasikika karibu kabisa na kifaa, ikifoka. "Geuka wewe! Uso usionekane, nimekwambia! Mkono uweke juu ya msale, hivyo, tulia!"

Hakuna aliyehitaji kuuliza sauti ni ya nani. Ni ileile iliyokuwa imesema mfumo haukosei.

"Zima!" Joyce alikuwa amesimama. "Zima hiyo! Hizo ni faili zangu binafsi, hamna haki ya kuzifungua!"

Hapo Mwaisha ndipo alipopasuka. "Faili zako binafsi! Na makaburi ya watu? Na vitambulisho vya vikongwe? Na watoto waliopangwa mbele ya mlango wao? Hivyo vilikuwa vya nani, vya ukoo wako? Asubuhi nimefungua mali za nusu ya Uluguru hapa mbele yako, hukusema neno binafsi hata mara moja. Sasa ni wewe, umejua haki!"

Joyce alikaa. Mikono yake ilikuwa bado imekumbatia kishikwambi ambacho hakikuwa na siri tena.

"Watu wa kampuni waliniambia ni chemchemi tu," alisema. "Si nyumba. Hakuna mtu wa kulala nje. Ni maji tu, na maji yapo mengi mlimani."

"Maji tu." Bernadeta ndiye aliyelirudia neno hilo, bila kupaza sauti. "Njegere zangu nazimwagilia na nini, mwanangu? Watoto wanakunywa nini?"

Mwaisha alimwita askari wake. Joyce alisomewa haki zake kwa ukamilifu, maana Mwaisha hakutaka kesi ile ije kupotea kwa uzembe wa mtu yeyote tena, uzembe ulikuwa umetosha. Hafidhi aliamriwa aubadilishe ufunguo wa ghala mbele ya macho yake, azinakili faili zote za kishikwambi kama ushahidi, na abaki palepale. Siku hiyo hiyo angeanza kupanga kila picha kubwa kando ya ndogo yake, kijiji baada ya kijiji.

Kisha Mwaisha akampigia mwenyekiti wa baraza la kata, sauti ameiweka nje ili Bernadeta asikie. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho. Alimshukuru Mungu, akalaani waongo, halafu akakohoa.

"Picha hiyo tunaitupa, afande, hilo halina mjadala. Lakini baraza haliwezi kubaki na shamba lisilo na mpaka, na hiyo ndogo ya stempu wakili wa kampuni ataicheka. Kesho asubuhi tutapanda Mzingilo, mpaka uonyeshwe upya mbele yetu. Mjomba awepo na watoto. Bila mjomba, mnajua wenyewe."

Bernadeta alijua. Alijifunika uso kwa khanga.

Simu ya Fransisko ilikuwa imekufa, kwa hiyo Mwaisha alimpigia Maimuna, ambaye aliivusha simu barabara hadi kibandani kwa mzee. Alimweleza yote, upesi upesi, aliyekamatwa na aliyejifanya yeye, na ombi la mwenyekiti. Upande wa pili zilisikika honi za mabasi ya Dodoma na wachuuzi wakiita wateja.

"Nimesikia," Fransisko alisema. "Ila mimi si mjomba wa mtu, afande. Mwenye watoto alitangaza mwenyewe mbele ya kanisa."

Bernadeta alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shikamoo kaka."

Hakujibiwa. Kule Dumila mtu aliuliza bei ya kabichi na hakuna aliyemjibu.

"Nilikukosea mbele za watu," alisema. "Niliona koti, niliona kofia. Macho yangu yalinidanganya."

"Macho yako hayana kosa, Bernadeta. Tumelala kitanda kimoja tukiwa watoto, tumezika mama pamoja, uso wangu unaujua. Ukaamini mgongo."

Machozi yalimtiririka yule mama, hakuyafuta. Joyce alikuwa bado mlangoni na askari, na Mwaisha alimwashiria askari asubiri. Alitaka mwanamke yule asikie alichokiharibu, akisikie chote, ajue kwamba si maji tu.

"Waandae watoto asubuhi," Fransisko alisema hatimaye. "Nitawashika mikono, nitaonyesha mpaka. Nikimaliza nitateremka. Kwako siingii."

Akakata simu. Bernadeta alimrudishia Mwaisha simu yake kwa mikono miwili, akashukuru, akauliza gari la mwisho la kupanda Mgeta linaondokea wapi.